Ardis Alikuwa Akiangalia Kwanza

Nyumbani kwa Verlyn Tostrud, mtoto hakuwekewa filamu mpaka mtu mzima awe ameiona yote, mwanzo hadi majina ya mwisho. Kazi hiyo ilikuwa ya mkewe, Ardis. Ardis alizikwa mwezi wa kumi, ardhi ilipokuwa bado inachimbika. Sasa ulikuwa mwezi wa pili, theluji imefika kwenye vizingiti vya madirisha, na kazi haina mwenyewe.

Verlyn aliacha shule darasa la nane akaenda kufanya kazi kwenye maghala ya nafaka ya mji wao, magharibi mwa Minnesota. Alifanya hapo mpaka magoti yalipokataa ngazi. Kusoma anasoma, ila taratibu na kwa kidole. Filamu alizijua kwa masikio tu. Miaka yote hiyo, wenzake wakiwa sebuleni wanatazama, yeye alikuwa jikoni.

Si kwamba alifukuzwa. Ndivyo walivyogawana kazi. Ardis aliazima filamu maktaba siku ya Alhamisi, akaitazama peke yake akifuma soksi, na kila penye jambo la kumtisha mtoto alipaweka kichwani. Jumamosi wajukuu wakija, aliketi nao kwenye kochi. Pakikaribia pale pabaya, alimgeukia mtoto kwa sauti ya kawaida kabisa: "Hebu niletee maji, mwanangu." Au: "Nenda kamwulize babu kama mbwa ameshakula." Mtoto akija jikoni, ilikuwa kazi ya Verlyn kumchelewesha. Barafu haitoki kwenye chombo. Glasi hii ina doa, ngoja nioshe nyingine. Umewahi kuona boliti inayokazwa kwa kushoto? Alikuwa akisikiliza muziki wa kule sebuleni. Vinanda vya huzuni vikiisha, Ardis alikohoa, na Verlyn akamwachilia mtoto na glasi yake.

Kwa nini asiruke tu kile kipande kwa rimoti? Verlyn aliwahi kumuuliza.

"Ukiruka, atataka kujua umeruka nini," Ardis alisema. "Na hatanyamaza mpaka Krismasi. Mtume tu."

Ndivyo walivyomlea Joleen, binti yao wa pekee, hata kabla ya wajukuu. Joleen alikuwa ameshakua, yuko chuoni, alipoiona tena filamu moja ya utotoni kwa rafiki zake. Akapiga simu usiku uleule.

"Mama. Yule mbwa alikufa?"

"Alikufa, mwanangu."

"Miaka yote hii najua alikwenda kuishi na mkulima."

"Hiyo nilikwambia mimi."

"Nami nikidhani wewe ndiye mwenye kiu kuliko watu wote wa wilaya hii."

Ardis alicheka mpaka akamkabidhi Verlyn simu. Verlyn akasema, "Alikufa, ndiyo. Nilimsikia," akakata.

Sasa Joleen alikuwa mwuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee, mji wa pili kutoka hapo, na Jumamosi alikuwa zamu. Mtoto wake Britta, mwenye miaka sita, ndiye mjukuu pekee aliyebaki mdogo. Kila Jumamosi aliletwa kwa babu asubuhi, akachukuliwa jioni. Katika wiki nzima ya Verlyn hiyo ndiyo siku iliyokuwa na mtu ndani yake.

Lakini Britta hakuwa akilala vizuri tangu mazishi. Alikataa kitanda. Aliamka analia. Joleen alikuwa amekonda.

"Baba, nakuomba kitu kimoja," alisema Jumamosi moja, amesimama mlangoni na viatu vya theluji. "Chochote chenye kifo, asikione. Mwalimu wake amesema, daktari amesema, na mimi nasema. Akirudi tena nyumbani ametikisika, itabidi Jumamosi nimpeleke kwa yule mama anayelea watoto karibu na kazini."

"Hapa kuna kifo gani? Tunacheza karata."

"Wiki iliyopita mlikwenda kuona panya kwenye mtego."

"Aliuliza mwenyewe."

"Baba."

"Nimesikia," Verlyn akasema.

Shida ni kwamba Britta alichoka na karata. Alitaka filamu, kama enzi za bibi. Alitaka hasa ile ya bata bukini mdogo aliyeachwa nyuma wenzake waliporuka kwenda kusini kukwepa baridi. Darasa lake zima lilikuwa limeiona, isipokuwa yeye na mtoto mmoja ambaye kwao hawana televisheni kwa ajili ya dini.

Basi Alhamisi Verlyn akawasha pikapu akaenda maktaba, chumba cha chini cha ofisi ya mji. Mwenye maktaba alikuwa Darlene Pospisil, mwanamke mnene aliyeimba sauti ya kwanza kanisani na ambaye hakuna habari ya mji iliyompita. Alikuwa na hiyo filamu.

"Hii haina neno, Verlyn," akasema. "Tazama hapa. Imeruhusiwa kwa watoto wote."

"Nani kairuhusu?"

"Wapo watu kule California. Ndiyo kazi yao."

"Wanamjua Britta?"

Darlene akavua miwani akamtazama. Kisha akavaa tena, akageukia kompyuta. "Haya. Kuna mahali wazazi wenyewe wanaandika. Ngoja nikusomee. Mama mmoja anasema kuna sungura anavuta kiko, hakupendezwa. Baba mmoja anasema neno 'mpumbavu' limetumika. Huyu hapa analalamika kwamba bata hawajavaa suruali."

"Bata?"

"Ndivyo alivyoandika. Ana watoto watano huyo."

"Kuna anayekufa?"

Darlene akasogeza, akasogeza tena. "Hawajasema. Wamehangaika na kile kiko." Akampa filamu. "Ardis angeitazama mwenyewe."

"Najua," Verlyn akasema.

Nyumbani akala viazi vya kuoka na nyama ya kusaga alivyoletewa na wanawake wa kanisa, ambavyo tangu Oktoba havijaisha kwenye friza. Kisha akaketi sebuleni, upande wa Ardis wa kochi, kwa sababu kutoka upande wake mwenyewe televisheni ilionekana ubavu tu. Kuiwasha kulimchukua muda. Filamu ilipoanza alishangaa jinsi ilivyo na rangi. Kutoka jikoni hakuwahi kufikiria rangi.

Ilikuwa filamu nzuri. Bukini mdogo alikuwa mkaidi, mdomo mrefu. Sungura mwenye kiko alimchekesha Verlyn peke yake pale, mpaka mbwa akainua kichwa. Kulikuwa na bukini mzee, jike, aliyebaki nyuma kwa sababu bawa lake lilikuwa bovu. Huyo ndiye aliyemfundisha mdogo kuruka. Alimgombeza, alimsukuma kutoka juu ya jiwe, alimlisha mahindi yaliyoanguka shambani. Mdogo akamwita Bibi.

Verlyn akajua. Hakuhitaji muziki.

Bibi alilala juu ya ziwa lililoganda, theluji ikamfunika taratibu, na asubuhi bukini mdogo akamgusa kwa mdomo, akamgusa tena. Verlyn akazima. Akakaa. Mbwa akaja akaweka kidevu kwenye goti lake. Baadaye akawasha tena akaimaliza, kwa kuwa Ardis alikuwa akimaliza.

Angeweza kuirudisha. Lakini Ardis hakuwahi kurudisha filamu kwa sababu ya kipande kimoja, na mtoto alikuwa ameahidiwa. Zaidi ya hapo, kipande chenyewe kilikuwa kifupi. Kilianza pale sungura anapozima kiko chake. Baada ya hapo, ni kuruka na nyimbo mpaka mwisho. Verlyn akaicheza tena sehemu ile, akaipima kwa kikombe cha kahawa. Kahawa nusu kikombe, polepole. Ingewezekana.

Jumamosi Britta akaja, akavua viatu, akauliza kabla ya kuvua koti.

"Umeipata?"

"Nimeipata."

"Umeiangalia?"

"Nimeiangalia."

"Inatisha?"

"Kuna sungura anavuta kiko."

Britta akafikiri. "Bibi asingekubali."

"Bibi yako alikuwa na mjomba aliyevuta kiko. Angekubali."

Wakatengeneza bisi. Wakaketi kwenye kochi, blanketi moja, mbwa katikati. Britta alikuwa mtazamaji mwenye maneno. Kila ndege akitokea aliuliza anakwenda wapi. Bukini mdogo aliposukumwa kutoka kwenye jiwe, alicheka akamwaga bisi.

"Babu, huyu bibi mkali."

"Mkali kweli."

"Kama bibi."

Verlyn akasogea mbele kwenye kochi. Alikuwa anamtazama sungura. Sungura akakung'uta kiko, akakizima. Verlyn akamgeukia mtoto, na maneno yakatoka kwa sauti ileile, ya kawaida kabisa, kana kwamba ameyasema yeye maisha yake yote.

"Hebu niletee maji, mwanangu."

Britta akateremka kwenye kochi, akaenda mbio na soksi zake. Verlyn akaegemea nyuma. Theluji ikaanza kuanguka juu ya ziwa. Alikuwa ameridhika. Alisikia bomba likifunguliwa, likafungwa. Akasubiri kusikia barafu. Akasubiri kusikia habari za doa kwenye glasi.

Hapo ndipo akili ilipomjia kwamba jikoni hakuna mtu.

Aligeuka kuitafuta rimoti. Mbwa alikuwa ameilalia. Na Britta alishafika, glasi mkononi, maji yakimwagika kidogo, macho kwenye televisheni. Bukini mdogo alikuwa anamgusa Bibi kwa mdomo.

"Nimerudi," akasema. Kisha akasema, "Anafanya nini?"

Verlyn akaivuta rimoti chini ya mbwa. Picha ikasimama. Bukini mzee akabaki pale, theluji mgongoni.

"Amelala?" Britta akauliza.

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Angesema amelala, angesema kesho ataamka aende kusini, angesema amekwenda kuishi na mkulima. Hayo yote yalikuwa yamewahi kusemwa ndani ya nyumba hii, na yalikuwa yamesaidia. Lakini aliyeyajua ni Ardis. Verlyn hakuwa na kipaji hicho.

"Hapana," akasema. "Amekufa."

Britta hakulia. Aliweka glasi juu ya meza, katikati hasa, kama mtu anayeogopa kuvunja.

"Mama alisema bibi amelala."

"Alisema hivyo?"

"Kanisani. Nilipomwona. Alisema bibi amelala tu." Akaanza kuvuta uzi wa blanketi. "Alilala hakuamka."

Verlyn alichukua muda kuelewa. Si mtu wa haraka. Kisha ikamwingia. Kumbe mtoto huyu alikuwa akilazwa kila siku saa mbili usiku.

"Britta. Njoo hapa."

Akaja.

"Mimi jana nililala?"

"Sijui."

"Nililala. Mbwa alilala. Mama yako alilala, kama ulimwachia. Leo wote tumeamka. Tukikoroma, tusikorome, tunaamka. Kulala ni kulala."

"Na bibi?"

"Bibi hakulala. Moyo wake ulikuwa mgonjwa, ukasimama. Akafa. Ni jambo jingine kabisa, halianzi kitandani wala kwenye usingizi. Watu wamelichanganya tu kwa kuwa linafanana kwa macho."

"Yule bukini moyo wake ulikuwa mgonjwa?"

"Alikuwa mzee sana. Na bawa bovu."

"Wewe ni mzee sana."

"Mimi ni mzee wa kutosha," Verlyn akasema. "Lakini mabawa yangu mazima. Ni magoti tu."

Hapo ndipo Britta alipolia. Alilia kwa nguvu, uso umebanwa kwenye shati la babu, mpaka mbwa akashuka kwenye kochi. Verlyn hakumwambia anyamaze. Alipomaliza, Britta alijifuta kwa blanketi, akanywa yale maji mwenyewe.

"Endelea," akasema. "Nataka kuona kama anafika kusini."

Alifika.

Joleen alikuja jioni na baridi mabegani. Verlyn angeweza kunyamaza. Mtoto alikuwa anacheka, anaiga sauti ya sungura. Lakini hakuwahi kumficha Joleen jambo lolote ana kwa ana. Yale ya kufichwa yalipitia kwa Ardis.

"Kulikuwa na kifo kwenye filamu," akasema. "Bibi wa bukini. Nilitaka kumtoa, nikachelewa. Ameona."

Joleen akasimama na glavu moja mkononi. "Uliiangalia kwanza?"

"Niliiangalia."

"Ukajua, ukamwekea hivyohivyo."

"Ndiyo."

"Nilikuomba kitu kimoja, Baba. Kimoja tu."

"Na nimemwambia bibi yake hakulala. Nimemwambia amekufa."

Joleen alimvisha Britta koti, akakosea vifungo, akafungua akafunga upya. "Twende, mama," akamwambia mtoto. Verlyn akawasimamia mlangoni mpaka taa za gari zikapinda kwenye maghala.

Jumapili hakupigiwa simu. Kanisani watu walimwuliza habari za Britta, akasema mzima. Jumatatu aliondoa theluji njiani kwa koleo, akaondoa na ya jirani. Alikwenda mpaka simu ilipo, akarudi. Kama ni Jumamosi kwenda kwa yule mama anayelea watoto, basi ni hivyo, Joleen ndiye mzazi. Alilikunja lile blanketi la kochi akaliweka juu ya kabati.

Jumanne mchana gari likaingia uani. Joleen alikuwa peke yake, na nguo za kazi chini ya koti. Hakuvua viatu vizuri, alivikanyaga visigino.

"Amelala," akasema.

"Nani?"

"Britta. Jumamosi. Aliingia kitandani mwenyewe, akasema kulala ni kulala, akageukia ukutani. Jana vilevile. Nilikaa kitini naye nikingoja aamke. Hakuamka mpaka asubuhi. Mimi ndiye sikulala."

Verlyn akavuta kiti. Joleen akaketi.

"Mimi ndiye nilimwambia bibi amelala," akasema. "Natunza wazee, Baba. Kazini nalisema neno lenyewe, 'amekufa', kila wiki, kwa watu wazima na watoto wao. Wa kwangu nikashindwa."

"Ulikuwa umechoka."

"Usinitetee."

"Sawa. Ulikosea. Na ulikuwa umechoka."

Joleen akacheka kidogo kwa pua, kama mama yake. Verlyn akamimina kahawa. Alijua Joleen hajamaliza, kwa sababu hakuigusa.

"Bado unayo ile filamu?"

"Mpaka Alhamisi."

"Niwekee."

Wakaitazama mchana ule, jua la baridi likipiga kwenye kioo cha televisheni mpaka Verlyn akainuka kuvuta pazia. Bukini mzee alipolala ziwani Joleen aliweka mkono kwenye mkono wa shati la baba yake, akaushika pale kwenye kifungo. Baada ya hapo bukini mdogo akaanza kuruka, na nyimbo zikaanza, lakini Joleen hakuwa anazisikiliza tena.

"Siku ile ya Mama nilichelewa," akasema. "Nilipofika mlikuwa mmeshamfunika. Sijawahi kukuuliza. Niliogopa."

"Uliza."

"Alisema chochote?"

"Aliuliza kama nimezima jiko."

"Ulikuwa umezima?"

"Nilikuwa sijazima. Nikaenda kuzima. Nikarudi."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu. Hakuwa na maumivu usoni. Macho nilimfumba mimi. Nilikaa naye kidogo kabla sijampigia mtu simu. Hilo sikuwaambia watu wa gari la wagonjwa."

Joleen akatikisa kichwa, akatikisa tena. Machozi yalishuka na hakuyafuta. Alikuwa bado ameshika kifungo. Kwenye televisheni bata bukini walikuwa wamefika mahali penye nyasi za kijani, wote pamoja, wanapiga kelele.

"Mbona ni nzuri," akasema mwishowe.

"Nzuri sana. Ila huyo sungura."

"Sungura ana nini?"

"Kuna mzazi hakumpenda."

Wakaitazama mpaka mwisho, mpaka yale majina madogomadogo. Joleen akainuka, akaosha kikombe chake na cha baba yake, akavaa koti.

"Jumamosi niko zamu ya asubuhi," akasema. "Nitamleta saa moja. Atakuwa na njaa, usimpe bisi."

"Nitamkaangia mayai."

"Na nimeomba zamu fupi. Nitarudi saa saba." Akavuta kofia mpaka masikioni. "Tutaangalia wote."

Verlyn akasema sawa. Alimfuata mpaka nje, bila koti, akakwangua barafu kwenye kioo cha gari huku Joleen akimwambia aingie ndani.